Jina la Kidudu cha Mgoun
"Jina langu halimo?" Itto aliuliza tena, kibano bado mkononi.

"Halimo," alisema Driss, mwenzake wa maabara. "Nimemchapia makala yote mwenyewe. Mwandishi ni Profesa Sqalli, peke yake. Jina la kidudu kaliacha wazi, atalijaza siku ya kuipeleka. Anaogopa kuibiwa."

Itto aliangua kicheko cha dharau. Mwizi naye anaogopa wezi!

Kidudu chenyewe kilikuwa cha Itto. Kirukamajani kidogo kuliko punje ya mchele, chenye mabawa mafupi yasiyoruka, alichokipata juu kabisa ya mlima Mgoun, kwenye vichaka vya miiba ambako hata mbuzi wa babake hawafiki. Yeye ndiye aliyetetemeka kwa baridi huko. Yeye ndiye aliyempasua dume chini ya hadubini na kuchora viungo vyake vya uzazi, maana bila hivyo humtofautishi na binamu zake. Profesa, mtoto wa mji wa Fes mwenye mikono laini kama siagi, mlima aliuona dirishani huku akinywa chai.

Na majina anayotoa! Katika kazi hii ni aibu mwandishi wa makala kumpa mdudu jina lake mwenyewe, basi mzee aliwapa wadudu majina ya mkewe, mashemeji zake na mkuu wa kitivo.

"Safari hii itakuwa zamu ya paka wake," Itto alisema.

"Nenda ukamuulize, dada."

"Nimuulize nini? Mimi binti wa mchunga mbuzi, yeye mwana wa watu. Atanipa biskuti za lozi na kuniita binti yangu. Makala ikitoka, dunia haitajua kamwe kwamba Itto aliwahi kuupanda mlima ule."

Roho ilimuuma kweli. Lakini sheria aliijua: jina linalochapwa kwanza ndilo la milele, hata likiwa tusi. Akaandika makala yake, akaipeleka kwenye jarida lisilochelewesha mambo. Jina alilokipa kidudu lilikuwa neno la Kilatini lenye maana ya mwizi. Alilichagua huku akitabasamu.

Jarida lilipotoka, aliingia ofisini kwa Profesa bila hodi na kulitupa mezani.

"Kidudu changu hicho. Kilatini unakijua, sina haja ya kukutafsiria. Kila atakayeuliza kwa nini kinaitwa hivyo, nitamtajia wewe."

Mzee alisoma polepole mpaka mwisho. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai, akaivaa tena. Itto alikuwa amejiandaa kwa makelele. Majibu makali yalikuwa yamejaa mdomoni.

"Jina limeshachapwa," Profesa alisema kwa sauti ndogo. "Halifutiki tena."

"Halifutiki! Ulidhani mtu wa milimani hajui sheria? Haya, niambie sasa, mbona ulinitoa kwenye waandishi? Au biskuti zimekukwama kooni?"

Mzee alilifunga jarida.

"Ningekuweka vipi, binti yangu?" alisema. "Kidudu nilikuwa nakiita Itto."