Kofia ya Kijani ya Baba

Bibi, aliyewasili kutoka Wenzhou, China, wiki iliyopita, aliipiga kofia kwa mwiko. Ikamtoka mwanawe kichwani na kutua kwenye sufuria ya wali.

"Bibi!" Yalin alimaka. "Hiyo zawadi yangu kwa baba! Leo sikukuu ya Mtakatifu Patriki, Dublin nzima inavaa kijani!"

"Nyamaza! Kwetu, mwanamume akivaa kofia ya kijani, anatangaza kuwa mkewe anatoka nje ya ndoa."

Mama aliacha kukata vitunguu, kisu kikabaki hewani. "Natoka na nani, mama? Tangu alfajiri niko hapa na vitunguu vyako!"

Baba alijikuna upara.

Yalin alipandwa na hasira. Kazaliwa hapahapa, kasoma hapahapa, na kila akipendacho kikivuka mlango huu kinageuka mkosi! Akaiopoa kofia, ukingo wote umeganda punje za wali, akalisukuma dirisha likafunguka kwa kishindo.

"Njoo ujionee mwenyewe!"

Bibi alichungulia. Barabara ilifurika wanaume, wazee kwa vijana, kofia za kijani vichwani, wanaimba kwa sauti.

Mwiko ukamdondoka.

"Masikini weee," alinong'ona. "Wote hawa? Na bado wanaimba?"