Sababu ya Kifo cha Shomari

Tanga la Shomari halikuweza kuanuliwa mpaka kisanduku cha ukutani kikubali maelezo ya jinsi alivyokufa na kwa nini. Ndivyo ilivyokuwa kwa kila msiba. Sababu ikishakubaliwa, Idara ya Sababu huiondoa, ili jambo lisitokee tena.

Mjane wake, Mwanaidi, aliandika kwanza kwamba siku za marehemu zilikuwa zimefika. Taa ikawaka nyekundu. Akaandika kwamba lori la Idara lilikatika breki pale mteremkoni, likamgonga. Nyekundu tena.

"Hiyo si ya kwako," kisanduku kikasema kwa upole. "Eleza ya nyumbani. Alitoka kufanya nini?"

"Andika lolote, mwanangu," mama mkwe akamwambia kutoka mkekani. "Watu mbavu zinawauma kwa kulala chini."

Mwanaidi hakuhisi uchungu wala hasira. Akaandika: Sukari ilituishia, nikamtuma dukani.

Taa ikawaka kijani. Mikeka ikakunjwa, sufuria za kuazima zikarudishwa kwa wenyewe, wageni wakaaga.

Kesho yake Mwanaidi alikuwa anakunywa chai isiyo na sukari aliposikia honi mteremkoni. Akachungulia dirishani. Lilikuwa lori lile lile, bonyeo la mbele halijanyooshwa, limesheheni magunia ya sukari mpaka juu. Dereva alikuwa ametoa kichwa nje, anapunga mkono watu wapishe njia.

"Mama, wanatuletea sisi!" binti yake Husna akapiga kelele, na tayari alikuwa ameshafika barabarani.