Paul wa Mama Elisabeth

"Andika jina, mwanangu. Jina tu. Ingine niachie mimi."

Mama Elisabeth alikuwa amekaa kwenye kiti cha wageni, kikapu cha jibini magotini. Kila Jumanne ilikuwa hivyo, tangu Paul aingie Walikale kununua mafuta ya mawese asirudi. Kila Jumanne Isidore, mutu wa Pinga, alishuka Masisi na moto yake, pikipiki ya vumbi, mufukoni kle, flashi ya kompyuta, yenye majina ya waliozikwa kule kwenye mapigano.

Laetitia, karani wa ofisi, akaichomeka. Ndani kulikuwa na dosie, yaani folda, na ndani ya dosie dosie zingine: eneo, kijiji, mwaka, mwezi, kila marehemu na faili yake. Kuzifungua moja moja kungemaliza siku. Kwa hiyo alifungua dirisha jeusi, akaandika mstari mmoja:

find . -iname "*bauma*"

Mashini yenyewe ingeingia kila dosie mpaka chini kabisa. Isipopata kitu, haisemi kitu.

"Kama marehemu bwana yangu," Mama Elisabeth alisema. "Unamuuliza jembe iko wapi, anakuangalia tu."

Isidore akacheka, akijipangusa vumbi. "Lakini Mama, huyu Paul Bauma wako ni mutoto wa ngapi? Wiki iliyopita ulisema njo wa kwanza. Leo pale mulangoni unasema ni wa mwisho."

"Wa kwanza na wa mwisho. Tumbo langu halina daftari."

"Na muke wake? Mbona haji kuuliza mwenyewe?"

"We mutu wa moto, nani alikulea? Muke hatafuti bwana yake mu majina ya wafu. Akimutaja pale, amemuita kaburini. Mama njo anauliza."

Laetitia hakuinua macho. Kidole chake kilikuwa juu ya kitufe, hakishuki.

"Finya, mwanangu," Mama Elisabeth akasema polepole. "Ikinyamaza, tunakula jibini."

Akafinya.

Jumanne kumi na nne dirisha lile lilikuwa limenyamaza, na wote watatu wakala jibini. Leo likatema mstari mmoja:

./Walikale/Pinga/2024/08/Paul_Bauma.txt

Isidore akavua kofia. "Pole, Mama. Pole sana."

Mama Elisabeth aliondoa jibini kikapuni, na chini yake akatoa kitambaa cheusi cha mjane kilichokunjwa vizuri, mikunjo yake imeanza kupauka kwa kubebwa Jumanne zote hizo. Kisha yeye, ambaye hakuwahi kuzaa hata mutoto mumoja, akaizunguka meza, akakifunga kichwani mwa Laetitia.