Fungu la Tatu

Eufrasia alishika donge la pamba lenye doa la manjano, dogo kama punje ya mtama, asijue pa kulitupa. Kulia kwake palikuwa na fungu la pamba safi. Kushoto fifi, ile iliyochafuka.

"Changanya tu," mama yake alimwambia. "Hawa wanunuzi binafsi hawaangalii. Siyo kama enzi za ushirika."

"Sawa, mayu."

Lakini hakuchanganya. Alilifikicha lile doa kwa kidole gumba, akaliinua juani.

Jana, kabla hajapanda basi la kurudi Bariadi, daktari naye aliinua picha ya kibofu chake dirishani. Mwaka ulikuwa umepita tangu wamtoe uvimbe wa saratani, akiwa na miaka ishirini na sita. Daktari alizungushia kalamu kivuli fulani. Huenda ni kovu la upasuaji, alisema; huenda ugonjwa umerudi. Aje tena baada ya miezi mitatu.

"Hata hujanieleza," mama yake alisema, vidole vikiendelea kuchambua. "Picha imesemaje? Jogoo wa shukrani nimeshamfunga pale jikoni. Jumapili nampeleka kanisani."

Eufrasia aliliweka lile donge chini, peke yake, katikati ya mafungu mawili.

Mama yake aliacha kuchambua. Alilitazama donge lile kwa muda, kisha akajikung'uta pamba mapajani, akainuka, akaenda kumfungua jogoo.