Wingu la Kipriani

Simu ilikuwa imeshinda kwenye ndoo ya maji tangu asubuhi. Dorcas aliiweka mezani kwa fundi Haidari bila kusema imefikaje humo.

"Hii imekufa," Haidari alisema baada ya kuifungua. "Ulikuwa unataka nini ndani yake?"

"Picha za Kipriani."

Haidari akashusha sauti. "Nilisikia. Pole sana kwa mumeo, mama."

"Asante."

Kipriani alizikwa Kibondo siku ya Jumamosi. Dorcas alipata habari akiwa sokoni Kasulu, akaendelea kupima maharage mpaka gunia likaisha. Tangu hapo hakulia, hakusikia njaa, hakusikia chochote. Alichojua ni kwamba hana picha yake nyingine, hata ile ndogo ya kitambulisho, na sura yake imeanza kumpotea.

"Usihofu, picha hazikukaa kwenye simu tu," Haidari alisema. "Ziko kwenye wingu."

Haidari ni mtu wa maelezo. Ukimwuliza saa, ataanza na aliyeitengeneza. Wingu hilo si la angani, alisema, ni kompyuta kubwa za watu, ziko mbali, unakodi nafasi humo. Mmoja hukodi kiwanja kitupu akajijengea. Mwingine hukodi jiko lenye moto na sufuria, akapika vyake. "Sisi wengine tunaingia mgahawani, tunakuta chakula kimeshaiva. Wewe ni wa mgahawani. Unapiga picha, yenyewe inakwenda kujihifadhi."

Dorcas hakusikia hata nusu. Haidari akafungua daftari la pasiwedi za wateja, akaandika kwenye kompyuta, picha zikajaa kwenye kioo. Kipriani anamenya ndizi. Kipriani amelala kitandani kwa Dorcas, amejifunga kanga yake. Haidari akatazama pembeni kwa heshima.

"Zipo zote," alisema. "Na zipo pia kwenye ile simu nyingine. Siku ile marehemu alipokununulia hii, alinunua mbili hapa, nikazifungulia akaunti moja kupunguza kazi. Kila ulichopiga miaka hii mitatu, na kule kimeingia."

"Kule wapi?"

"Kibondo. Alisema moja ni ya mkewe, moja ya dada yake. Muulize wifi yako."

Dorcas aligusa kioo, pale penye uso wa Kipriani.

"Kipriani hakuwa na dada," alisema. "Hiyo iko kwa mkewe."