Matanga ya Maua

Katika nchi ya theluji, Fuko alipanda maua ya kudumu, na jirani yake Kuchakuro akapanda maua ya mwaka mmoja. Theluji ilipoanguka, bustani zote mbili zilinyauka. Kuchakuro, asiyependa kugusa akiba yake ya njugu, alikuja kwa Fuko akilia.

"Pole, shoga yangu! Maua yako yamekufa. Lazima tukae matanga."

"Labda yamelala tu," alisema Fuko kwa haya. "Huku chini mizizi yake ni mibichi."

"Wafiwa wote husema hivyo. Viazi viko wapi?"

Fuko aliona haya kumfukuza aliyekuja kuhani. Kuchakuro akala mpaka ghala likabaki tupu, na Fuko akashinda na njaa.

Jua liliporudi, maua ya Fuko yalichipua tena. Kwa Kuchakuro halikuota hata jani. Siku hiyohiyo akasikia hodi. Alikuwa Fuko, na mama yake, na shangazi zake wanne waliobeba mikeka.

"Pole, shoga," alisema Fuko. "Yako ndiyo yamekufa kweli. Tutakaa nawe mpaka uchungu uishe. Shangazi hawa wanapenda njugu za kuchemsha."