Bakuli la Ukutani

Ramiro na mkewe Eulalia walikuja kutembea katika mji wa viwanda usiozoea wageni. Nje ya kiwanda cha viatu walikuta mabakuli ya chakula yamefungwa vitambaa, yamepangwa ukutani. Wakadhani yanauzwa, wakachukua moja, wakala huku wakimngoja muuzaji. Walikuwa wamelimaliza king'ora cha chakula cha mchana kilipolia. Wafanyakazi wakatoka, kila mmoja akachukua bakuli aliloletewa na mkewe.

Mmoja alikosa lake, akaliona mapajani mwa Eulalia.

"Tusamehe, kaka," Eulalia alisema. "Tukakununulie chakula kingine?"

"Muda hautoshi, dada. Mke wangu anajua kupika, eti?" Akalifunga bakuli tupu, akalirudisha ukutani. "Akija kulichukua, msimwambie."

Akarudi kazini na njaa yake.

Walikuwa bado wamekaa pale mwanamke alipokuja, akalinyanyua bakuli, akaliona jepesi. Akawatabasamia. "Leo mume wangu kamaliza chote," alisema.